Uzi: Seva ya diski 24 kwa bei nafuu, diski zinadondoka tatu au nne kwa mpigo. Mchawi ni nani?

Pweza24 (#1)

Wakuu salaam, niende moja kwa moja.

Backblaze mwaka 2009 walianika michoro ya Storage Pod yao: kesi nyekundu ya 4U, diski 45 za 1.5 TB zimesimama wima, jumla 67 TB kwa dola 7,867. Tangu hapo kila fundi anajua siri si seva ya bei mbaya, ni kesi, pawa na kebo. Mfumo ninaoleta hapa ni mdogo wa ule:

Kesi ya 4U ya diski 24, safu sita za diski nne nne. Kila safu ina bodi yake ya nyuma yenye kichwa kimoja cha SFF-8087 (cha kebo ya data) na Molex mbili (plagi za umeme). Kadi ya kuunganishia diski (HBA) ni LSI 9211-8i iliyoflashiwa IT mode, yaani inapitisha diski moja kwa moja bila RAID yake. Ekspanda moja ya poti 24, ya kugawa njia za kadi kwa diski nyingi. Pawa saplai moja ya 850 W ya kompyuta ya kawaida. Diski 24 za 16 TB. Debian na ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili), vdev (vikundi vya diski) mbili za RAID-Z2, kila moja diski 12, mbili kati yake za ulinzi. Ukitoa diski za ulinzi inabaki 320 TB, ambayo mfumo utaionyesha kama 291 TiB.

Dalili: kazi ndogo ndogo haina shida. Skrabu (ZFS kusoma na kukagua data yote) ikianza, baada ya saa tatu hadi sita diski tatu au nne zinapotea kwa pamoja. Kundi linagoma. Zima, washa, zote zinarudi na SMART, ripoti ya afya ya diski, inasema PASSED.

Tuanzie wapi?

MzeeWaWaya (#2)

Pawa. Usiende mbali.

Kila mtu anapiga hesabu ya 12 V peke yake. Diski moja ya 3.5 inakula kama 2 A za 12 V ikianza kuzunguka, kwa hiyo 24 ni 48 A, sawa na 576 W. 850 W inaimudu. Sasa angalia laini ya 5 V, ambayo ndiyo inayolisha ubongo wa diski. Wastani 0.7 A kwa diski, ikifanya kazi nzito inagusa 1 A. Ishirini na nne zikisoma kwa pamoja ni 17 hadi 24 A. Soma kibandiko cha pawa saplai yako: 5 V imeandikwa 20 au 25 A, na chini yake kuna mstari watu wanauruka, kwamba 3.3 V na 5 V kwa pamoja zisizidi 100 au 120 W. Uko ukingoni kabla hujawasha hata feni.

Chukua mita, pima 5 V kwenye Molex ya mwisho kabisa ya mnyororo wakati skrabu inaendelea. Usipime kwenye pawa saplai, pima kule mwisho. Ikisoma chini ya 4.75 una jibu.

kadi_moto (#3)

Mzee kila uzi ni pawa tu 😂

Mimi nasema kadi. 9211-8i ilitengenezwa ikae ndani ya seva yenye feni za kupiga kelele, hewa inapita juu yake muda wote. Ukiiweka kwenye kesi ambayo feni zinavuta hewa kupitia diski na kuitupa nyuma taratibu, hitisinki inakaa kwenye kona isiyo na upepo. Chipu ya SAS2008 haina hata kipimo cha joto unachoweza kukisoma. Gusa hitisinki baada ya saa mbili za skrabu. Ukishindwa kushikilia kidole sekunde tatu, funga feni ya 40 mm juu yake kwa tai za plastiki. Na pesti ya joto ya kadi zilizotumika huwa imekauka kama chokaa, ibandue uweke mpya.

Saa tatu hadi sita, hiyo ni tabia ya joto. Tatizo la pawa lingeonekana wakati wa kuwasha.

MzeeWaWaya (#4)

Kadi ikichemka zinapotea zote 24, si nne. Jibu hilo kwanza kijana.

kadi_moto (#5)

Si lazima. Kadi ina vichwa viwili, kila kimoja njia nne. Kichwa kimoja kinaweza kujiresetia na kingine kikabaki.

BintiSkrabu (#6)

Habari zenu. Kabla hamjagawana kadi na pawa, kuna hesabu haijakaa sawa kwenye #1.

Ekspanda ya "poti 24" haina nafasi ya diski 24. Hizo 24 ni njia zote, pamoja na zile za kurudi kwenye kadi. Kebo moja kwenda kwa kadi inakula nne, zinabaki 20, yaani safu tano. Safu ya sita lazima imechomekwa kwenye kichwa cha pili cha kadi moja kwa moja. Pweza24, ndivyo ilivyo?

Kama ndivyo, diski 20 zinagawana kebo moja ya SAS2. Njia nne za 600 MB/s ni 2,400, toa makorokoro ya itifaki, kila diski inabaki na kama 110 MB/s wakati yenyewe ina uwezo wa 250 upande wa nje wa sahani. Haiui diski, ila skrabu inakuwa ndefu mara mbili na kila kitu kinakaa kwenye moto muda mrefu zaidi.

Tuwekee matokeo haya kwa diski zinazodondoka:

smartctl -A /dev/sdX | egrep '^ *(5|12|192|197|198|199) '

199 (makosa ya CRC, data kuharibika njiani) ikipanda ni kebo au bodi ya nyuma. 12 (idadi ya kuwashwa) na 192 (kuzimika ghafla) zikipanda bila mtu kuzima mashine, Mzee ameshinda. 5, 197 na 198 (sekta mbovu) zikipanda, diski yenyewe inaumwa.

Pweza24 (#7)

Shukrani. Ndiyo, safu ya sita iko moja kwa moja kwenye kadi, na yenyewe haijawahi kudondoka.

Zinazodondoka ni za safu ya 3, mara chache safu ya 4. 5, 197 na 198 zote sifuri. 199: diski mbili za safu ya 3 zimefika 41 na 17, nyingine sifuri. 12 haijasogea. 192 imeongezeka kidogo kwenye diski tatu.

MzeeWaWaya (#8)

192 imeongezeka. Kesi imefungwa.

BintiSkrabu (#9)

Haijafungwa. Kadi ikipoteza mawasiliano na diski, halafu ukazima mashine kwa nguvu kwa sababu ZFS imeganda, 192 inapanda vilevile. Na 12 ingepanda nayo kama umeme ungekatika kabisa kwenye diski.

MzeeWaWaya (#10)

Umeme si lazima ukatike kabisa. 5 V ikizama kwa milisekunde chache, kidhibiti kinajianzisha upya huku sahani bado inazunguka. Kuna diski zinahesabu, kuna nyingine hazihesabu. Hiyo namba 12 haipandi kila mara.

Safu ya 3 na 4 zinapata umeme kwenye mnyororo upi? Pawa saplai za kompyuta nyingi zina mikia miwili tu ya Molex. Safu sita, Molex kumi na mbili. Hapo lazima kuna vigawanyiko. Na kama umetumia adapta za Molex kwenda SATA mahali popote, zile za plastiki iliyomwagwa juu ya waya ni za kutupa, waya ndani zinakaribiana na zinaungua. Chukua zile ambazo waya unauona umebanwa kwenye pini.

taimauti_7 (#11)

Wote mnapiga vyuma, hakuna anayeuliza diski ni za aina gani. Diski za mezani zikikutana na sekta ngumu zinaweza kuhangaika zaidi ya dakika. Linux inasubiri sekunde 30, inaona kimya, inaresetia. Kwenye ekspanda resetia moja inaweza kusumbua jirani zake.

smartctl -l scterc /dev/sdX

Ikikubali: smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdX, sekunde saba inasalimu amri. Diski nyingi zinasahau ukizima, kwa hiyo iweke kwenye kanuni ya udev, ijiendeshe kila diski inapotambuliwa. Ikikataa, fanya kinyume chake: echo 180 > /sys/block/sdX/device/timeout.

Na hakikisha si SMR, zile ambazo njia za data zinapandana na kuandika kunakuwa kwa taratibu. Mwaka 2020 WD (Western Digital) walikiri kwamba baadhi ya diski zao za Red za 2 hadi 6 TB ni SMR, watu wakaelewa kwa nini diski zilikuwa zinafukuzwa na ZFS wakati wa kujenga upya.

BintiSkrabu (#12)

SMR weka kando, jamaa ana 16 TB, madukani hizo ni CMR, zisizopandisha njia. Na sekta ngumu ingeacha alama kwenye 197. Ila ERC (ule muda wa scterc wa #11) aangalie, haigharimu kitu.

Chumvichumvi (#13)

Kutoka Mombasa, hamjambo.

Mnasahau hewa. Mwaka 2007 Google walichapisha utafiti wa diski zaidi ya laki moja, wakaona joto la kawaida halina uhusiano mkubwa na kufa kwa diski kama tulivyodhani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers na Microsoft wakaangalia vituo vinavyopozwa kwa hewa ya nje, wakakuta unyevu ndio adui mkubwa kuliko joto, hasa upande wa kidhibiti na miunganisho. Hapo pwani, Dar au huku kwetu, unyevu wa asilimia 80 ni siku ya kawaida, na una chumvi ndani yake.

Chomoa SFF-8087 ya safu ya 3, mulika pini kwa tochi. Ukiona ukungu wa kijani au kahawia, safisha kwa aikoholi ya asilimia 99 na brashi laini, chomeka na kuchomoa mara kadhaa ili pini zijikwangue. Usitumie spiriti ya dukani yenye rangi, inaacha utando. Na ukizima AC usiku na kuiwasha asubuhi, unalisha seva umande. Afadhali 29 muda wote kuliko 20 mchana na 31 usiku.

kadi_moto (#14)

Chumvi ichague safu ya 3 tu iache ya 1, 2, 5 na 6? Chumvi ya ubaguzi hiyo.

Chumvichumvi (#15)

Safu ya 3 na 4 ndizo za katikati, ndipo feni inapopiga moja kwa moja. Hewa nyingi, chumvi nyingi. Cheka tu.

Nduguye_Raki (#16)

Feni inayopiga katikati, mtetemo je? Mwaka 2008 Brendan Gregg akiwa Sun alirekodi video anazipigia kelele diski na grafu ya ucheleweshaji inaruka. Mwaka 2016 kule Bucharest kituo cha ING Bank kililala kwa sababu ya kelele za gesi ya kuzima moto wakati wa majaribio. Diski za kiwango cha seva zina vihisi vya mtetemo, za mezani hazina. Feni tatu za 120 mm kwa mizunguko 3,000, zimefungwa kwa skrubu za chuma kwenye ukuta ule ule unaoshika diski... Weka mpira katikati, shusha hadi 1,500, angalia joto halizidi 45, halafu rudia skrabu.

BintiSkrabu (#17)

Mtetemo unaleta usomaji wa taratibu. Hauleti 199. CRC ni makosa ya njiani kati ya diski na kadi, kichwa cha diski hakihusiki.

Mnunuzi_Mtumba (#18)

Samahani kwa kuharibu sherehe. Kwa nini mnajenga? Rafu ya NetApp DS4246 iliyotumika, nafasi 24, pawa saplai zake mwenyewe, bodi ya nyuma ya kiwanda. Kadi ya nje kama 9207-8e, kebo moja ya QSFP kwenda SFF-8088, umemaliza. Hata Backblaze wenyewe baada ya miaka ya kukunja mabati walianza kununua seva za Dell zilizo tayari.

MzeeWaWaya (#19)

Mwambie na kelele yake inavyolingana na jenereta. Na uzito wa 4U ya chuma ukiusafirisha kwa ndege kutoka Dubai ndiyo utajua bei ya "mtumba".

taimauti_7 (#20)

Na diski za SAS zinazokuja nazo nyingi zimefomatiwa sekta za baiti 520, Linux inaziona halafu inakataa kuzitumia. Dawa ni sg_format --format --size=512 /dev/sgX, moja moja inachukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati inabidi uanze upya. Zindua kadhaa kwa pamoja, kila moja kwenye tmux yake (dirisha la amri lisilofungika ukitoka).

Kuhusu Backblaze, usiseme nusu. Wao pod ikifa hawajali, kwa sababu mwaka 2015 walianza kugawanya kila faili vipande 20 kwenye pod 20, wakati huo 17 za data na 3 za ulinzi. Wanaweza kuvumilia bodi za bei rahisi. Mwenye seva moja hana hiyo anasa. Na lile jaribio lao la 2014 la kuachana na bodi za nyuma na kuvuta waya moja kwa moja halikudumu, wakarudi kwenye bodi.

kadi_moto (#21)

Pod ya kwanza ilikuwa na bodi tisa, diski tano kila bodi zinagawana njia moja ya SATA ya 3 Gb/s kupitia chipu ya kugawa poti. Hapo ndipo diski moja ikiganda, tano zinapotea. Watu wakisoma michoro ya 2009 leo na kununua zile bodi za kugawa poti wanajitafutia ugonjwa. HBA na ekspanda ni dunia nyingine.

Mjukuu_wa_Bit (#22)

Nje ya mada kidogo. Diski 12 kwenye RAID-Z2 si nyingi mno? 16 TB kwa 180 MB/s ni zaidi ya saa 24 kujenga upya diski moja, hapo kama hakuna mtu anayesoma kitu. Na kibandiko kinasema kosa moja la kusoma kwa kila biti 10^14, yaani TB 12.5. Kihesabu kila kujenga upya kunafeli.

taimauti_7 (#23)

10^14 ni ya diski za mezani. Za seva ni 10^15. Na zote ni ahadi ya chini kabisa ya kiwanda. Ingekuwa ndiyo uhalisia, kila skrabu ya 16 TB ingeleta kosa, na hazileti. RAID-Z2 ya 12 ni sawa kwa kumbukumbu za kuhifadhi. Kwa video na picha tupu zisizobadilika, SnapRAID (ya ulinzi) na mergerfs (ya kuunganisha diski) inatosha na diski zinaweza kuwa na ukubwa tofauti, ila ulinzi unasasishwa pale tu unapoendesha sync.

Mjukuu_wa_Bit (#24)

Na RAM, 1 GB kwa kila TB? 320 GB ya RAM naitoa wapi?

BintiSkrabu (#25)

Hiyo imekaririwa tu. 32 GB inatosha, 64 ni raha. Usiwashe dedup (kuondoa data inayojirudia), basi. RAM ya ECC, inayosahihisha makosa yake, weka kama bodi inakubali.

Tusimpoteze mwenye uzi. Pweza24, safu moja inagawana vitu vitatu: kebo ya SFF-8087, bodi ya nyuma, na Molex. Ndiyo maana wote hapa wanaweza kuwa sahihi. Tenganisha. Badilisha kebo za data za safu ya 3 na ya 5, Molex usiguse, endesha skrabu. Ugonjwa ukihamia safu ya 5, ni kebo au poti ya ekspanda. Ukibaki safu ya 3, ni bodi au umeme. Kabla ya kuanza, andika tarakimu nne za mwisho za serial namba ya kila diski kwenye trei yake, na kundi liwe limeundwa kwa majina yasiyobadilika ya /dev/disk/by-id, siyo sda na sdb.

Kitu kimoja kwa wakati.

Pweza24 (#26)

Ripoti. Kebo za safu ya 3 na 4 mpya, pini zimesafishwa kwa aikoholi, Molex za safu hizo zimehamishiwa mkia wake peke yake bila kigawanyiko, feni ya 40 mm juu ya kadi. Skrabu imemalizika bila kudondosha. 199 haijaongezeka. Mkia wa zamani wa Molex ulikuwa unasoma 4.81 V ukiwa na mzigo, mpya 4.97.

BintiSkrabu (#27)

Kitu. Kimoja. Kwa. Wakati.

MzeeWaWaya (#28)

4.81! Nilisema nini tangu #2?

BintiSkrabu (#29)

Ulisema chini ya 4.75. 4.81 iko ndani ya asilimia tano.

MzeeWaWaya (#30)

Mita ya mkononi inaonyesha wastani. Mzamo wa milisekunde unauona kwa osiloskopu. Wastani wa 4.81 maana yake chini yake kuna mabonde.

kadi_moto (#31)

Na feni ya 40 mm haikufanya kitu, ilipambia tu 😂

Chumvichumvi (#32)

Pini zilikuwa na rangi gani ulipozisafisha?

Pweza24 (#33)

Pamba ilitoka kahawia kidogo kwenye safu ya 3. Ya 4 ilikuwa safi.

Chumvichumvi (#34)

Asante. Sina la kuongeza.

taimauti_7 (#35)

Safu ya 4 ilikuwa safi na bado ilikuwa inadondoka. Una la kuongeza.

Mjukuu_wa_Bit (#36)

Ninao mpango wa kununua za 20 TB zilizotolewa kwenye makasha ya USB. Kuna la kuangalia?

Mnunuzi_Mtumba (#37)

Nyingi za WD hazitawaka kwenye pawa saplai ya kawaida, pini ya tatu ya SATA ikipata 3.3 V diski inajizima. Bodi ya nyuma inayolishwa kwa Molex haina 3.3 V, kwa hiyo kwenye kesi kama hii haikuhusu. Kwenye waya wa SATA funika pini ya tatu kwa tepu ya Kapton. Jaribu diski ikiwa bado ndani ya kasha, ukishaipasua garantii imekwenda.

taimauti_7 (#38)

Kujaribu ni badblocks -b 4096 -wsv /dev/sdX, inafuta kila kitu, andika na soma mara nne. Andaa wiki nzima na zaidi.

BintiSkrabu (#39)

Kwa 20 TB hiyo itakataa. Badblocks inahesabu vitalu kwa biti 32, kwa 4096 mwisho ni TB 17.6. Weka -b 8192.

MzeeWaWaya (#40)

Pweza24, rudisha kigawanyiko cha zamani kwenye safu ya 3 peke yake, mengine yote yaache mapya, endesha skrabu tena. Bakapu uwe nayo.

kadi_moto (#41)

Na feni uizime.

BintiSkrabu (#42)

Jamani, moja moja!